Supu ya Kuku na Tabibu wa Fustat

Mgonjwa anapopelekewa supu ya kuku kitandani, ikifuka mvuke wenye harufu ya pilipili manga na tangawizi, akainywa taratibu hata paji la uso likamtoka jasho, hana habari kuwa anywacho kiliandikwa katika vitabu vya tiba zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Mwandishi mmoja wa vitabu hivyo alikuwa Musa bin Maimun, Myahudi mzaliwa wa Cordoba, ambaye jamaa zake waliuhama mji huo kwa dhuluma ya watawala, naye mwisho akatua Fustat, jirani ya Kairo, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1204. Katika barua ya mwaka 1199 ameeleza jinsi alivyokwenda Kairo kila asubuhi kuwatibu watu wa jumba la Sultani, na jinsi, arudipo baada ya adhuhuri hali ya kuwa njaa imemshika, alivyoukuta ukumbi wake umejaa wagonjwa, akawaomba radhi wamsubiri ale chakula chepesi, nacho ndicho pekee alichokula usiku na mchana. Mtu wa namna hiyo, kwa maoni yangu, anastahili kusikilizwa anenapo juu ya chakula.

Katika risala yake juu ya pumu, aliyoiandika kwa Kiarabu, alihimiza kiasi katika kula na akaisifu supu ya kuku wanono. Sifa hiyo hakuwa wa kwanza kuitoa, kwani tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha mtangulia. Wote wawili walifuata elimu ya Wayunani, isemayo kuwa afya ni mizani ya damu, balghamu, safura na sauda. Na sisi tunaosema Kiswahili tungali na athari ya elimu hiyo ndimi mwetu, maana kikohozi chetu hutoa balghamu, na maradhi ya kupungukiwa na damu tumeyaita safura.

Mwaka 1978 madaktari wa Miami Beach waliwapima watu 15 wazima, wakaona kuwa supu ya kuku iliyo moto huharakisha mwendo wa kamasi puani, ingawa baada ya nusu saa athari yake hutoweka. Mwaka 2000 daktari Stephen Rennard wa Nebraska akaipeleka maabara supu ya bibi wa mkewe, iliyopikwa kwa kuku, vitunguu, karoti, viazi vitamu na mboga nyingine, akakuta kuwa huzipunguzia mwendo chembe nyeupe za damu, ambazo zikikusanyika katika njia ya pumzi huzidisha uchungu wa mafua. Jaribio hilo lilifanywa katika vyombo, si katika miili ya watu, wala si haki kulipa uzito kuliko huo.

Hata hivyo, iliyopimwa ni supu ya kuku na mboga zake, nami nasikitika sana nionapo mgonjwa akikorogewa kidonge cha mchuzi kilichojaa chumvi katika maji ya moto. Bibi yangu alimteleka kuku wa kienyeji, na mifupa yake yote, juu ya moto mdogo wa makaa tangu asubuhi, akiengua povu kwa upawa, na chumvi hakuitia mpaka nyama imelegea, tena kwa ncha za vidole viwili.