Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Mtoa habari naye ni vivyo hivyo, hasa ikiwa yule anayesimuliwa hana ruhusa ya kujibu. Historia ya Turkana inatupa ushahidi wa jambo hili.

Mwezi Machi, mwaka 1888, Count Teleki wa Hungaria na mwenzake von Höhnel walifika katika ziwa kubwa la kaskazini. Waliliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria, ambaye hakupata kuliona kwa macho yake. Vitabu vikaeneza habari kwamba ziwa hilo limevumbuliwa. Je, watu waliovua samaki na kunywesha mifugo humo walikuwa hawalioni? Jina hilo la kigeni lilidumu hata mwaka 1975, lilipoitwa rasmi Ziwa Turkana.

Kisa cha pili kilitukia Lodwar. Mwaka 1959, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini Lodwar. Wakati huo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila kibali cha serikali. Mwezi Mei, mwaka 1960, Gavana Patrick Renison alitangaza kwamba Kenyatta ni kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Neno hilo lilienea mbali, wala mshtakiwa hakuwa na mahali pa kulijibu. Mwezi Aprili, mwaka 1961, alihamishiwa Maralal, na waandishi wa magazeti wakaruhusiwa kumwuliza maswali na kusikia majibu yake. Mwezi Juni, mwaka 1963, mtu yule yule akawa Waziri Mkuu wa Kenya.

Lililompata Kenyatta liliipata na nchi aliyofungiwa. Serikali iliyoifunga Turkana ndiyo iliyoisimulia kuwa nyika tupu, ifaayo kwa wafungwa tu. Ukoloni umekwisha, lakini masimulizi hayo hayajakwisha. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu insha juu ya Turkana. Hata waliozaliwa Lodwar waliandika habari za ukame, njaa na wizi wa mifugo. Hakuna aliyeutaja mto Turkwel, wala mikoma ambayo mama zao husukia vikapu. Niliona huzuni, kwa sababu walikuwa wakiitazama nchi yao kwa macho ya kuazima.

Simwambii kijana yeyote aukane ukame. Ukame upo, na kuuficha ni uongo mwingine. Kosa ni kuifanya nusu ya habari kuwa habari yote. Tazama Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Picha nyingi za magazeti huonyesha mistari ya watu wanaongojea chakula. Lakini mwaka 2008 wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao, KANERE, wapate kueleza mambo yao kwa kalamu zao.

Basi, msomaji kijana, ukisoma habari ya nchi yako, uliza mambo matatu: ni nani aliyeiandika, alikuwa wapi alipoiandika, na ni nani ambaye hakuulizwa. Kisha, kama hakuulizwa ni babu yako, nenda ukamwulize, uandike atakayokwambia.