Pikipiki juu ya lori: historia ya barabara inayopita Sange

Kwenye barabara ya kitaifa namba 5, inayoshuka kutoka Bukavu kupitia Kamanyola, Luvungi na Sange hadi Uvira, si ajabu kuona pikipiki imelazwa juu ya magunia kwenye Fuso, na mwenyewe ameketi kando yake ameishika asianguke nayo. Vijana wa parkingi humcheka. Motari gani huyu anayebebwa na gari wakati pikipiki anayo? Wengine humwita mwoga. Lakini anayejua barabara hii ilivyopita katika mikono ya wakoloni, waasi na wafanyabiashara hatamcheka. Pikipiki ikibebwa, mara nyingi mgonjwa ni barabara, si mwendeshaji.

Shida inaanzia kwenye ardhi yenyewe. Mto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, na kuingia ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Tofauti ni karibu mita 700. Kuanzia Kamanyola hadi Uvira ni bonde tambarare, joto na vumbi, njia ya mihogo, mpunga na ng'ombe. Lakini kati ya Kamanyola na Nyangezi kuna milima ya Ngomo, ambako barabara inapanda kwa kona nyembamba, jabali upande mmoja na bonde refu upande mwingine.

Wabelgiji walikutana na shida hiyo hiyo. Katika miaka ya 1930 kulikuwa na reli kutoka Kalundu, bandari ya Uvira, kupitia bondeni hadi Kamanyola. Hapo chini ya mlima ikakoma. Mzigo wa kwenda Bukavu, mji ulioitwa Costermansville siku zile, ulishushwa kwenye treni na kupakiwa kwenye malori. Reli ilifungwa kabla ya uhuru wa 1960, na mzigo wote ukahamia barabarani. Ila Kamanyola haikuacha kazi yake ya zamani: hadi leo ni mahali pa kushusha na kupakia upya, kwa sababu mlima haujahama.

Baada ya uhuru, barabara ilipata ugonjwa wa pili, nao ni vita. Mwaka 1964 waasi waliiteka Uvira, na mwezi wa Juni wa mwaka huo mapigano yalifika Kamanyola. Baadaye Mobutu alikipa kikosi chake cha jeshi jina la mji huo. Oktoba 1996 vita vya AFDL vilipita bondeni, Uvira ikaanguka, kisha Bukavu. Agosti 1998 vita vingine vikaanza. Wazee wa Sange wanaweza kuhesabu miaka yao kwa kukumbuka ni lini malori yalipita na ni lini hayakupita.

Pikipiki za kubeba abiria zilienea baada ya vita hivyo, wakati magari yalikuwa machache na njia za vijijini zimeharibika. Nyingi ni Boxer na TVS za kutoka India, zenye injini ndogo. Zinasafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha nchi kavu. Nyingine zinafika Kigoma na kuvuka ziwa hadi Kalundu, nyingine zinapita Burundi na kuingia kwa mpaka wa Kavimvira. Nyingi zinakuja vipande vipande ndani ya makatoni, na mafundi ndio wanaozifunga. Kwa hiyo anayemcheka mwenzake kwa kupakia pikipiki akumbuke kwamba hata yake ilifika bondeni ikiwa mzigo.

Sababu za kupakia ni nyingi, na kila moja ina hesabu yake. Ya kwanza ni Ngomo. Wakati wa mvua udongo unateleza na malori yanakwama katikati ya njia. Pikipiki yenye injini ndogo, ikiwa na watu wawili na mzigo, inapanda kwa kulia na kushuka kwa breki zilizochemka. Kwa miaka mingi wasafiri wengi kati ya Uvira na Bukavu walikwepa mlima kwa kuvuka Kamanyola, kuingia Bugarama nchini Rwanda, kupita lami hadi Kamembe, na kurudi Congo kwa mpaka wa Ruzizi. Kwa abiria hilo ni jambo la kitambulisho na foleni. Kwa mwenye pikipiki ni makaratasi ya chombo kwenye mipaka miwili. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Corona, wote walirudishwa Ngomo, mwenye kupenda na asiyependa.

Sababu ya pili ni barieri. Utafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, uliotolewa mwishoni mwa 2017, ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Motari aliye peke yake anasimama mwenyewe, anajieleza mwenyewe na kulipa mwenyewe. Pikipiki iliyo juu ya lori inahesabiwa pamoja na magunia, na dereva ndiye anayezungumza. Anayelipa nauli ya pikipiki yake hanunui raha. Ananunua nafasi ya kutosimama peke yake mbele ya mtu mwenye bunduki.

Hata hivyo, lori nalo si salama kwa kuwa ni kubwa tu. Sange inalijua hilo kuliko mji wowote. Tarehe 2 Julai 2010 jioni, lori la mafuta lilipinduka hapa barabarani. Watu walikimbilia kuchota esansi iliyomwagika, na wengine walikuwa karibu wakitazama mechi ya Kombe la Dunia kwenye vibanda vya video. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Tangu siku hiyo, mzazi wa Sange hana haja ya kueleza mara mbili kwa nini mtoto asisogelee mafuta yaliyomwagika.

Funzo hilo linamhusu pia anayepakia pikipiki. Tanki lenye esansi, likilazwa ubavu kwenye jua, linavuja juu ya magunia na nguo za abiria, na mmoja wao anaweza kuwasha sigara. Tanki limwagwe kwenye bidoni lenye kifuniko kabla ya kupakia, mbali na moto, na waya wa betri utolewe. Pikipiki isimame ikiwezekana, ifungwe kwa fremu kutoka pande mbili badala ya kufungwa kwa usukani peke yake, na magunia yawekwe mahali chuma kinapogusana na chuma.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi: kukimbia. Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu na kisha Kamanyola, maelfu ya watu wa bonde walivuka Ruzizi kuingia Burundi, na wengi walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Desemba mwaka huo vita viliteremka tena, vikapita Luvungi na Sange, na tarehe 10 vikafika Uvira. Wengine walivuka mpaka, wengine walielekea kusini upande wa Fizi.

Siku kama hiyo pikipiki ni swali gumu. Uzito wake unapita kilo 100. Barabarani inaweza kuokoa mama na watoto watatu kwa safari moja, lakini inaweza pia kunyang'anywa na yeyote mwenye silaha. Mtoni haiogelei. Anayeiacha nyumbani anaacha shamba lake, duka lake na karo ya watoto. Anayeipakia kwenye lori au mtumbwi anachukua nafasi ambayo mtu angeketi. Hakuna jibu moja, na familia zilizochagua tofauti hazina sababu ya kulaumiana kambini.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakina uzito na hakichukui nafasi ya mtu: makaratasi. Risiti ya kununulia, karte roze, namba ya plaki na namba ya chasi iliyochorwa kwenye chuma. Vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, au vimepigwa picha na kuhifadhiwa kwa ndugu aliye mbali, vinaweza kumsaidia mtu kudai chake siku akirudi. Ambaye hana hata namba ya chasi atakuwa na neno lake tu.

Tangu wakati wa treni ya Kalundu hadi leo, watu wa bonde hawajaacha kushusha na kupakia. Siku barabara namba 5 itakapopona, Ngomo ikitengenezwa na barieri zikiondoka, hakuna motari atakayelipia pikipiki yake nauli kutoka Sange hadi Bukavu. Ataipanda. Mpaka siku hiyo, anayeiweka juu ya lori aachwe apite bila kuchekwa.