Ziwa Nakuru na Mipaka Yake

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, walowezi hawakuona faida ya ziwa lile la magadi lililo chini ya mji. Maji yake hayanyweki wala hayamwagilii shamba, na samaki hawakuwamo. Aliyelifaidi ni heroe mdogo, kwa maelfu na maelfu.

Ulaji wa ndege huyu ni kazi ya kustaajabisha. Huinamisha shingo hadi kichwa kinapinduka, mdomo wa juu ukawa chini, kisha ulimi unaingiza maji na kuyatoa kama pampu. Vinyweleo vilivyojipanga ndani ya mdomo hunasa spirulina, viumbe vidogo mno vinavyolipa ziwa rangi ya kijani, na ambavyo humpa heroe mwenyewe uwaridi wake.

Kwa ajili yake, mwaka 1960 sehemu ya ziwa ilitengwa kuwa hifadhi ya ndege, na mwaka 1968 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Hata hivyo, mkono wa binadamu ulikuwa umekwisha kuingia majini. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, perege wadogo kutoka Ziwa Magadi walipandikizwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Perege wakazaana, na mwari wakawafuata. Mwari hawa wakawa wanataga kwenye visiwa vya miamba vya Ziwa Elementaita, halafu wakisubiri jua liipashe hewa joto ndipo wapae nayo kwenda Nakuru kuvua chakula cha makinda. Samaki aliyeletwa kupambana na mbu alikuwa amegeuza maisha ya ndege katika maziwa mawili!

Nchi kavu nayo ikabadilishwa. Twiga wa Rothschild walihamishiwa hapo mwaka 1977, na muongo uliofuata hifadhi ikazungushiwa uzio wa umeme. Mwaka 1987 ikawa makao maalumu ya vifaru, waliokuwa wakimalizwa na majangili kote Kenya. Uzio huo umewafaa vifaru. Ziwa haukuliweza.

Katika miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote, upepo ukapeperusha vumbi la magadi. Kuanzia mwaka 2010 mambo yakageuka: mvua zikazidi, na eneo la maji likapanuka kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60. Lango kuu la hifadhi lilizama, na huko Mwariki, nje ya uzio, familia zilihama nyumba zao. Maji mengi yalipunguza ukali wa magadi, spirulina ikapungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria.

Ndiyo maana uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2011, wa kuyaorodhesha Nakuru, Elementaita na Bogoria kwa pamoja kuwa urithi wa dunia, ulikuwa wa busara: ndege wenyewe huyatumia kama makao mamoja. Uliobaki nje ni msitu wa Mau, inakotoka Njoro na Makalia, mito inayolilisha ziwa. Mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kwa ajili ya makazi. Tangu hapo mvua ikinyesha milimani, mito hiyo huteremka imejaa tope, na tope hilo hutua ndani ya hifadhi.