Mhariri Mwalikwa: Historia ya Cheo Kinachotafuta Jina

1. Utangulizi

Katika shughuli za uchapishaji wa kitaaluma kipo cheo ambacho Kiswahili bado hakijakipa jina moja. Ni cheo cha mtaalamu ambaye si mmoja wa wahariri wa kudumu wa jarida, lakini anakabidhiwa toleo moja alisimamie tangu wito wa makala hadi uchapaji. Wengine humwita mhariri mgeni, wengine mhariri mwalikwa, na wengine hutumia maelezo marefu yasiyofaa kuwekwa katika barua wala katika kanuni. Nia yetu katika makala haya ni kueleza jinsi cheo hicho kilivyozuka na mambo yaliyokisibu, kisha kuonyesha kwamba uchaguzi wa neno katika suala hili si jambo la ladha tu. Neno tutakalolichagua litasema nani anawajibika.

2. Jarida lilipokuwa la mtu mmoja

Majarida ya kitaaluma yalianza Ulaya mwaka 1665. Mwezi wa Januari lilitoka Journal des sçavans huko Paris, likiongozwa na Denis de Sallo. Mwezi wa Machi, Henry Oldenburg, aliyekuwa Katibu wa Royal Society ya London, alianza kutoa Philosophical Transactions. Ijapokuwa alikuwa mtumishi wa chama hicho, jarida lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyepokea barua za wataalamu kutoka nchi mbalimbali, akazichagua, akafasiri zilizoandikwa kwa lugha za kigeni, na faida au hasara ya uchapaji ikawa juu yake. Katika hali hiyo hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani mwenye dhamana.

Hali ilibadilika mwaka 1752, Royal Society ilipolichukua jarida rasmi na kuunda kamati ya kuyapitia makala. Mwaka 1887 jarida liligawanywa sehemu mbili, A kwa sayansi za maumbile na hisabati, na B kwa elimu ya viumbe. Hivi leo sehemu zote mbili kwa kiasi kikubwa hutoka kwa matoleo ya mada, na kila toleo huandaliwa na wahariri walioalikwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo jarida hilo hilo limepitia hatua tatu. Kwanza dhamana ilikuwa ya mtu mmoja. Pili ikawa ya kamati. Tatu, elimu ilipopanuka hata kamati isiweze kuimudu yote, sehemu ya kazi ikakabidhiwa mtu wa nje. Hapana budi tuangalie kwamba katika hatua hii ya tatu kilichokabidhiwa ni kazi. Jarida lenyewe, pamoja na sifa yake, limebaki mikononi mwa wenyewe.

3. Nyongeza za Kamati ya Kiswahili

Kwetu Afrika ya Mashariki, mtindo ulio karibu na huo ulionekana mapema katika jarida la Kamati ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930 kwa jina la Kamati ya Lugha ya Makoloni ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 Kamati ilitoa, pamoja na jarida lake, nyongeza zilizoshughulikia andiko moja tu. Mwaka 1957 ilitoka nyongeza ya Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini. W. H. Whiteley aliufasiri kwa Kiingereza, na utangulizi wa kihistoria ukaandikwa na Margaret Bates. Katika miaka ya 1958 na 1959 yalifuata maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyofasiriwa pia na Whiteley, na utangulizi wake wa kihistoria ukawa wa Alison Smith.

Nyongeza hizi hazikuwa matoleo maalumu kwa maana tunayoikusudia leo, maana hapakutolewa wito wa makala wala hapakuwa na waandishi wengi. Hata hivyo, zinatufundisha jambo moja. Kwa kuwa andiko lilihitaji elimu ya historia, alitafutwa mwanahistoria; na msomaji alionyeshwa wazi nani amefanya nini: huyu ametunga, huyu amefasiri, huyu ameandika utangulizi, na Kamati ndiyo iliyotoa. Kila jina lilikuwa na kazi yake. Desturi hiyo ya uwazi ni urithi mwema kwa jarida ambalo tangu mwaka 1970 limejulikana kwa jina la Kiswahili, na kwa majarida mengine yaliyofuata.

4. Dhamana ilipokosa mwenyewe

Katika miongo ya karibuni matoleo maalumu yameongezeka kupita kiasi katika baadhi ya kampuni za uchapishaji. Sababu yake si ngumu kuielewa. Katika majarida ambayo msomaji halipi, aghalabu mwandishi au chuo chake hulipa ada kwa kila makala yanayokubaliwa. Kila toleo la ziada ni mapato ya ziada, na kila mhariri anayealikwa huja na marafiki na wanafunzi wake.

Mfano uliojulikana zaidi ni wa Hindawi, kampuni iliyoanzishwa Cairo mwaka 1997 na kununuliwa na kampuni ya Wiley ya Marekani mwaka 2021 kwa dola milioni 298. Mwezi wa Oktoba 2022 Wiley ilisimamisha kwa muda utoaji wa matoleo maalumu katika majarida ya Hindawi, baada ya kugundulika kwamba mengi yameingiliwa na viwanda vya makala, yaani watu wanaotunga makala ya uongo na kuyauza kwa wanaotafuta vyeo. Katika mwaka 2023 peke yake, makala zaidi ya 8,000 ya majarida hayo yalibatilishwa. Mwezi wa Desemba mwaka huo Wiley ikatangaza kwamba itaacha kulitumia jina la Hindawi.

Udanganyifu wa namna nyingine uliwahi kulipata jarida la Journal of Nanoparticle Research. Mwaka 2020 wahariri wake walieleza kwamba watu fulani walijifanya wataalamu wanaojulikana, wakatumia anwani za barua pepe zinazofanana na za vyuo vya kweli, wakaomba kuandaa toleo maalumu, na wakakubaliwa. Mgeni alikaribishwa ndani bila kuulizwa atokako.

Baada ya misukosuko hiyo kanuni zimekazwa. Orodha ya kimataifa ya majarida yasomwayo bure, iitwayo DOAJ, sasa inadai kwamba Mhariri Mkuu awajibike kwa yote yaliyomo katika jarida, matoleo maalumu yakiwamo. Kwamba sifa za mhariri wa nje zichunguzwe kabla ya kukubaliwa. Na kwamba makala ya mhariri huyo mwenyewe yasizidi robo ya makala ya toleo zima.

5. Neno lipi lifae?

Tukiwa na historia hiyo mbele yetu, na tulipime neno mhariri mgeni. Neno mgeni lina maana tatu ambazo zote hazilingani na cheo hiki. Kwanza, mgeni ni mtu asiyelijua jambo. Husemwa fulani ni mgeni katika hisabati. Lakini mhariri huyu anaitwa kwa sababu ni mwenyeji wa mada, pengine kuliko wahariri wa kudumu. Pili, katika shughuli zetu za hadhara mgeni rasmi huja, hukaa meza kuu, hutoa hotuba, kisha huondoka. Hawajibiki kwa mapishi wala kwa hesabu. Tatu, mgeni hustahiwa, wala si adabu mwenyeji kumkagua. Mhariri Mkuu anayeona haya kumkagua mgeni wake amefungua mlango ule ule ulioingiza hasara tuliyoieleza.

Itasemwa kwamba wahenga walikwisha kulijibu hilo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni kweli, lakini mhariri wetu hana hizo siku mbili. Jembe anakabidhiwa siku ya kwanza.

Neno mwalikwa lina faida ambayo mgeni halina. Limeundwa kwa kauli ya kutendwa, kama mwajiriwa. Asikiaye mwajiriwa hukumbuka papo hapo kwamba yuko mwajiri. Kadhalika, asikiaye mwalikwa huuliza: amealikwa na nani, na kwa kazi gani? Swali hilo ndilo lililokosa kuulizwa kwa wakati.

6. Istilahi tunazopendekeza

Kwa kuwa neno moja haliwezi kusimama peke yake, tunatoa pamoja nalo maneno ya jamii yake:

(a) mhariri mwalikwa (wahariri waalikwa): mtaalamu wa nje aliyekabidhiwa toleo moja chini ya usimamizi wa Mhariri Mkuu.
(b) toleo maalumu: toleo lolote lililo nje ya utaratibu wa kawaida wa jarida, kwa mfano la kumbukumbu au la heshima.
(c) toleo la mada: toleo ambalo makala yake yote yanahusu mada moja.
(d) nyongeza: chapisho linaloambatana na toleo bila kuwa sehemu yake.
(e) wito wa makala: tangazo la kuwaalika waandishi.
(f) mhakiki: anayesoma na kupima makala kabla ya kukubaliwa, asichanganywe na mhariri.
(g) kubatilisha makala: kutangaza kwamba makala yaliyokwisha kuchapishwa hayategemewi tena.

Watafsiri waangalie pia neno toleo, ambalo hutumika kwa kitabu kinachochapishwa upya na kwa sehemu moja ya juzuu ya jarida. Panapokuwa na shaka ni vema kuandika toleo la jarida kwa ukamilifu.

7. Hitimisho

Mwalimu wa chuo hupandishwa cheo kwa makala aliyoyachapisha, na afisa anayelishughulikia jalada lake huenda asiwe mtaalamu wa fani ile. Afisa huyo hutegemea kwamba aliyetajwa kuwa mhariri alihariri kweli, na kwamba nyuma yake alikuwapo mwenye jarida. Istilahi peke yake haimzuii mlaghai, lakini barua ya uteuzi iliyoandikwa kwa neno linalotaja mwaliko humlazimu mwandikaji kutaja pia mwalikaji, kazi na mipaka yake. Tunawaomba wasomaji wayajaribu maneno haya katika tafsiri, barua na kanuni zao, na watuletee maoni yao kabla hayajafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.