Ya Nyuso na ya Ziwa

Julai 2025 mwenye nyumba alimpa baba mdogo siku kumi na nne. Alikuwa anadaiwa pango la miezi mitano la fremu yake ya studio, chumba kimoja nyuma ya Makoroboi ambacho kwa miaka ya karibuni kilikuwa kinaishi kwa kutoa kopi na kupiga pasipoti saizi. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, kijana anayepiga picha za sendofu na mahafali, ila alitaka kamera moja tu, na bei yake ilikuwa ile ile kwa yoyote kati ya mbili zilizokuwepo. Baba mdogo akaniita, akaziweka zote juu ya meza ya kioo.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Chagua ya kuuza. Mimi macho yangu yameshachoka."

Ya kwanza ilikuwa Canon EOS 5D, toleo la kwanza kabisa, lililotangazwa Agosti 2005. Ya pili ilikuwa Nikon D300, ya Agosti 2007. Zote mbili zilikuja Mwanza kama mtumba, moja mwaka 2011 na nyingine mwaka uliofuata, zimeshafanya kazi ya watu wengine katika nchi nyingine. 5D ilipotoka kiwandani iliuzwa dola 3,299 bila lenzi. D300 ilikuwa dola 1,799. Mpiga picha wa mtaani hakuwa na njia ya kuzifikia hadi wenyewe wazichoke, kama ilivyo kwa suruali na viatu vya mnadani.

Nilidhani kazi ingekuwa nyepesi. Ukisoma takwimu zake zinakaribiana mno: megapikseli 12.8 kwa 12.3. Zote zinatumia kadi ile ile nene ya CompactFlash, na hakuna hata moja inayorekodi video. Tofauti iko kwenye kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga mahali ilipokuwa inakaa filamu. Cha 5D kina ukubwa wa filamu yenyewe, milimita 36 kwa 24. Wenye kazi hiyo wanakiita fremu kamili, na baba mdogo hakuchoka kutania kwamba ana fremu kamili ndani ya fremu ya kupanga. Cha D300 ni kidogo zaidi, kwa hiyo kinachukua sehemu ya katikati tu ya kile ambacho lenzi inakiona. Hasara hiyo ina faida yake. Lenzi ya milimita 300 ukiivalisha D300 inakuwa kama ya milimita 450, na mtumbwi ulio mbali unasogea.

Basi kazi ziligawanyika zenyewe. 5D ilikuwa ya nyuso. Ukiiwekea lenzi ya milimita 50 na kuifungua yote, bibi harusi anabaki na kope zake na shela, na nyuma yake ukumbi wenye feni mbovu na kreti za soda unayeyuka kuwa rangi. Wateja waliipenda bila kujua jina lake, walisema tu wanataka "ile inayotoa ukungu nyuma." Ila ilikuwa kamera ya mtu mtulivu. Picha tatu kwa sekunde, nukta tisa za kulengea zilizosongamana katikati, kioo cha nyuma hafifu kiasi kwamba juani huoni umepiga nini. Haina mtambo wa kutikisa vumbi, na Mwanza ya kiangazi ina vumbi. D300 ilikuwa na nukta 51, picha sita kwa sekunde, na mwili wa magnesiamu uliozibwa maungio yake dhidi ya vumbi na mvua. Hiyo ndiyo aliyokuwa anaibeba kwenda ziwani.

Kwa nini mpiga picha wa harusi alihitaji kamera ya ziwani, hilo ndilo lililonichukua siku nyingi kulielewa. Ziwa halilipi. Wavuvi hawanunui picha zao na wala mnandi hawezi kuagiza albamu. Nilimuuliza, akaanza kunisimulia habari za mwaka 1996.

Alfajiri ya tarehe 21 Mei mwaka huo meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na waliokufa walikuwa mamia. Kwa muda ilielea tumbo likiwa juu, ndani yake watu wakiwa hai bado, wakigonga. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, na meli ikazama. Kila aliyekulia Mwanza amelisikia tukio hilo nyumbani kabla ya kulisoma popote. Ukienda Igoma utaona makaburi.

Baba mdogo alikuwa kijana wa studio ya mtu mwingine wakati ule. Alikwenda bandarini na kamera ya filamu yenye lenzi moja ya milimita 50 na picha kumi na moja zilizobaki kwenye mkanda uliokuwa umeanza na ubatizo. Alizipiga zote. Ziliposafishwa, zote zilikuwa za migongo: watu wamesimama wanatazama maji, mama kashika kichwa, mgambo kanyoosha mkono. Mbele yao, mahali walipokuwa wanatazama, hakuna kitu ila weupe wa ziwa. "Nilikuwepo," aliniambia, "na sina picha." Picha ambazo dunia iliziona za siku zile zilipigwa na wengine, wenye lenzi ndefu na boti.

Sijui kama kuna mtu anaweza kununua lenzi ya milimita 300 kwa sababu ya picha kumi na moja za migongo. Yeye alinunua, miaka kumi na sita baadaye.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa hapa Mwanza: sangara, viwanda vya minofu, ndege za mizigo, watoto wa mtaani, mapanki yaliyojaa funza. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akailalamikia hadharani kwamba imeichafua nchi. Mjini kulikuwa na hasira, hata kwa wengi ambao hawakuwahi kuiona. Baba mdogo aliiona kwenye DVD ya kudurufu. Hukumu yake ilikuwa fupi: "Alivyovionyesha vipo. Ila mji huu una harusi pia, na yeye hakualikwa hata moja." Nadhani aliona kwamba kazi yake inahitaji pande zote mbili, na kwamba mtu mwenye kamera moja ataishia kusimulia upande ambao kamera yake inauweza.

Siku ya tatu niliacha kuzitazama kamera nikaanza kutazama diski. Kila faili la kamera ya dijitali limebeba ndani yake tarehe, saa, jina la kamera na hata urefu wa lenzi, kwa hiyo nilichohitaji ni kompyuta na uvumilivu. Kulikuwa na diski mbili, moja yake ikitoa mlio ambao fundi aliniambia nisiuzoee. Nilitegemea kukuta harusi za miaka kumi. 5D ilikuwa imefanya kazi karibu kila Jumamosi tangu 2011. Nikakuta picha zake mia nne na kidogo. Za D300 zilikuwa zaidi ya elfu kumi na moja.

Nikamwendea nikidhani zimepotea. Akanishangaa. "Za harusi nilikuwa nawapa wenyewe kwenye DVD pamoja na albamu, halafu nafuta. Diski ilikuwa ghali. Za ziwani ningempa nani?"

Hapo ndipo hesabu yangu ilipogeuka. Kamera iliyolipa ada zetu za shule haikuacha karibu chochote studioni; kazi yake imetawanyika kwenye sebule za Nyakato, Bwiru na Igoma, kwenye kabati za vyombo, kwenye DVD ambazo hakuna tena mashine ya kuzisoma. Kamera ambayo haikuingiza hata shilingi ndiyo iliyoacha kumbukumbu. Na imeiacha kwa sababu hakukuwa na mteja.

Nilizitazama kwa usiku mbili. Mwaloni wa Kirumba asubuhi, dagaa wameanikwa hadi mwisho wa jicho. Jiwe la Bismarck likiwa na vijana wanne juu yake. MV Victoria, meli ya mwaka 1961, ikiwa bandarini na kutu, miaka kadhaa kabla haijakarabatiwa na kurudi kazini. Furukombe ameshika sato, picha sita mfululizo, ya tano ndiyo kali. Na Kigongo, picha nyingi za Kigongo: foleni ya malori na mabasi, kina mama na mabeseni ya matunda kichwani wakikimbilia madirisha, kivuko cha MV Misungwi kinageuza kuelekea Busisi. Wakati anazipiga, mwaka 2013, ni nani angezitaka? Foleni ya kivuko ilikuwa kero, na hakuna anayetundika kero ukutani. Sasa daraja limejengwa pale, kilomita tatu juu ya maji, na Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025, mwezi mmoja kabla mwenye nyumba hajatupa siku zetu kumi na nne. Nililipita kwa basi juma lile. Tulivuka kabla abiria wa jirani yangu hajamaliza kumenya chungwa.

Ningeweza kuishia hapo na kusema basi, D300 ibaki. Ila katika zile mia nne za 5D lilikuwemo folda moja la picha thelathini na moja, za Novemba 2012, na hazikuwa za harusi. Ni usiku, ziwani. Dagaa huvuliwa kwenye giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa za karabai zinazoelea. Ukisimama Capri Point usiku wa namna hiyo unadhani kuna mji mwingine upande wa pili. Baba mdogo alikuwa ameingia mtumbwini na kamera isiyopaswa kulowa, ameivisha mfuko wa nailoni ulioachwa wazi mbele tu. Nilimuuliza kwa nini hakubeba ile ya ziwani.

"Gizani ile inatoa chenga kama mchanga," alisema. "Hii ina jicho kubwa."

Ndivyo ilivyo. Vitundu vya kihisi cha 5D ni vikubwa zaidi, vinakusanya mwanga zaidi, na kwenye ISO 1600 nyuso za wale wavuvi zimetoka laini, za rangi ya shaba, nusu taa nusu giza. Nyingi zimetikisika. Tatu ni nzuri kuliko picha yoyote kwenye zile elfu kumi na moja, na hilo nalisema nikiwa nimeziona zote. Karabai zenyewe siku hizi zimepungua, taa za umeme wa jua zimechukua nafasi, na mwanga wake ni mweupe na bapa. Ile rangi ya shaba ni ya mafuta ya taa.

Kwa hiyo hata ule mgawanyo wa ya nyuso na ya ziwa, ambao niliupenda kwa unadhifu wake, yeye mwenyewe aliuvunja alipotaka.

Tulikaa nje ya fremu, nikamweleza mawazo yangu yote. Akasikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja: simu yangu inaweza kupiga nini? Nikasema watu, vyakula, sherehe. Hata ile ya ukungu nyuma siku hizi simu inaiigiza. Na mbali? Nikamwonyesha picha niliyojaribu kupiga ya kivuko cha Kamanga kikiwa katikati ya maji. Kilikuwa kama punje ya mchele. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 200, picha za simu zilinifikia kabla sijalala, na nyingi zilikuwa hivyo hivyo: weupe wa maji, kitu cheusi katikati, vichwa vya watu mbele.

"Basi uza ya karibu," akasema. "Ya karibu mnayo wote."

Sina hakika alikuwa sahihi. Simu haina jicho la 5D gizani, na mimi mwenyewe, kama pango lingekuwa langu, huenda ningeibakiza kwa ajili ya zile picha tatu. Lakini niliandika risiti.

Kijana alikuja Jumamosi mchana. Aliikagua kamera kama anayenunua ng'ombe, akafungua mlango wa betri, akachungulia kioo cha ndani, akatafuta vumbi mbinguni kwa kupiga picha ya anga. Kisha akamwomba baba mdogo asimame mlangoni ili aijaribu kwa uso. Baba mdogo akafunga kifungo cha shati, akasogea mahali ambapo mwanga unaingia kutoka kushoto, bila kuelekezwa, akatulia. Picha moja tu. Kijana akatazama kioo cha nyuma, akaguna kwa kuridhika, akahesabu pesa.

Alikuwa ameshapanda bodaboda baba mdogo alipouliza kama nimeitoa kadi. Sikuwa nimeitoa. Nilimpigia simu, akaomba radhi, akaahidi kuileta. Usiku ule alinitumia ile picha kwa WhatsApp, imebanwa hadi imekuwa na mabaka shingoni. Kadi yenyewe hajaileta bado.