Jinsi Vijidudu Vilivyopaliliwa

Mkulima akipanda mtama katika shamba lenye magugu, magugu humea upesi na kuusonga mtama. Mashaka kama hayo yaliwapata madaktari wa Ulaya walipotaka kukitenga kijidudu cha homa ya matumbo. Katika choo cha mgonjwa mna vijidudu vya namna nyingi, na kile kitafutwacho huenda kikawa kichache mno kati yao.

Kwanza ilitakiwa ardhi ya kupandia. Mwaka 1881 Daktari Robert Koch wa Ujerumani alionyesha jinsi ya kuotesha vijidudu juu ya mchuzi wa nyama uliogandishwa kwa jelatini. Lakini jelatini huyeyuka katika joto la mwili wa mtu. Msaada ukatoka jikoni. Bibi Fanny Hesse, mke wa Daktari Walther Hesse, alizoea kugandisha vyakula kwa aga, kitu kipatikanacho katika mwani, nayo haiyeyuki kwa joto hilo. Mwaka 1882 Koch aliitaja aga katika habari zake za kifua kikuu. Mwaka 1887 Julius Richard Petri akaleta kisahani cha kioo chenye kifuniko, nacho hata leo huitwa kwa jina lake.

Ardhi ilipatikana; magugu yakabaki. Ndipo mwaka 1900 Alfred Theodore MacConkey wa Uingereza alipotangaza chakula chenye chumvi za nyongo. Vijidudu vya matumboni vimezoea nyongo, lakini vingine vingi huzuiwa nayo visimee. Chakula hicho hutiwa pia sukari ya maziwa na rangi igeukayo nyekundu penye asidi. Basi kijidudu cha koli, mkaaji wa kawaida wa matumbo, hula sukari ile, hutoa asidi, na madoa yake huwa mekundu. Kile cha homa ya matumbo hakiigusi sukari hiyo, na madoa yake hayana rangi. Hata hivyo viko vingine visivyoila, kama vile vya kuhara damu. Kwa hiyo doa lisilo rangi sharti lipimwe tena kabla ya kutoa hukumu.

Kazi hii si mchezo wa wataalamu. Mwaka 1907, mjini New York, mpishi Mary Mallon alionekana mzima kabisa, lakini choo chake kilipooteshwa, vijidudu vya homa ya matumbo vilitoka humo. Macho matupu yasingalimjua. Nasi tujifunze hapo: afya ya mpishi haitoshi kuwa ushahidi, wala maji kuwa maangavu si dalili ya usafi. Tuchemshe maji, na tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.