KUTA ZINAZOSHUHUDIA

Somo: Waebrania 12:1-3



Sisi wa Embu na Meru tuna undugu na kanisa moja lililoko Murang'a, mji ulioitwa zamani Fort Hall. Ni Kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Kabla Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki haijaanzishwa mwaka 1975, tulichungwa pamoja na ndugu wa huko na Askofu Obadiah Kariuki.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury. Kumbukeni mwaka ule. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na watu wetu wengi walikuwa kizuizini. Kanisa lilijengwa liwe ukumbusho wa Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Wengi walikuwa ndugu wa Uamsho. Wako kati ya ndugu hao waliokataa pia kushika bunduki za serikali, kwa kuwa hawakuweza kumwua mtu aliyefiwa na Kristo. Hivyo walishukiwa na pande zote mbili.

Sasa tuingie ndani, tutazame kuta. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanganyika, alichora picha kubwa tano: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na nchi aliyomo ni kama yetu. Siku zile wengi walisema huyu ni Mungu wa Wazungu. Kuta zile zikawajibu.

Angalieni jambo moja. Kanisa ni la mashahidi, lakini picha zote tano ni za maisha ya Bwana. Hii ni hekima. Katika makanisa yetu, mjukuu wa aliyeuawa huketi benchi moja na mjukuu wa aliyekula kiapo. Wako na waliofiwa msituni na kambini, ambao wapendwa wao hawana hata jiwe. Tukitazamana sisi kwa sisi tu, kumbukumbu hugeuka kuwa deni la damu. Tukimtazama Yesu, wote tunajikuta wadeni waliosamehewa.

Je, ndugu yangu, yuko jirani ambaye jina la baba yake bado linakuchoma moyo?

Tuombe. Ee Bwana uliyesulubiwa, tunakushukuru kwa mashahidi wako. Utupe kukumbuka bila chuki, na kusamehe kama ulivyotusamehe. Amina.